Kulinda Mali Katika Mchezo wa Minecraft

Wakati wa likizo sisi vijana wa Rumonge huunganisha simu zetu, tukacheza Minecraft watu watano au sita katika ulimwengu mmoja. Mchezo ni mzuri, lakini umekwisha leta ugomvi. Mwenzetu mmoja alichimba almasi juma zima, kisha akakuta sanduku lake tupu. Mpaka leo hasemi na yule anayemshuku.

Sanduku la kawaida la mbao halina kufuli. Alionaye hulifungua. Wengi hulifukia, lakini mchimbaji mwenye subira atalifikia tu, maana anayetafuta almasi hupita huko huko chini.

Dawa ninayoiamini mimi ni sanduku la Ender, lililoongezwa katika mchezo mwaka 2012. Hutengenezwa kwa mawe 8 ya obsidiani na Jicho moja la Ender. Lina nafasi 27, na kila alifunguaye huona vitu vyake mwenyewe tu. (Laiti wauza ndagala wetu pale ufukoni wangekuwa na ghala la namna hiyo!) Mwizi akilivunja kwa sururu ya kawaida ataokota obsidiani zile 8 basi, mali yako utaikuta katika sanduku jingine la Ender, popote ulipo.

Ukiona nafasi hazitoshi, weka ndani yake masanduku ya shulker, ambayo hayamwagi vitu yakivunjwa. Kila moja lina nafasi 27, kwa hiyo jumla ni 729. Kuyapata ni kazi, kwani shulker hukaa katika miji ya End. Kabla ya hapo hifadhi almasi kwanza, mbao na mawe viache nje. Wala usitembee na almasi zako, maana ukifa zitaanguka chini, na aliye karibu ataziokota.