U Hali Gani, Saa?

Masika yalipokolea, mama jirani yangu hapa Tezo alinijia na mashine yake ya kutotolea vifaranga juu ya bodaboda, imefungwa kwa leso mbili. "Fundi, saa yake imekufa," akasema. "Mayai nimeyapeleka kwa dadangu, kuku wake anayalalia kwa hisani tu."

Bodi iliyokufa niliiunda mimi, kwa hiyo sikuwa na wa kumlaumu. Nilikuwa nimeiweka ndani ya sanduku, juu kidogo ya trei ya maji, na mvuke ukichanganyika na hewa yetu ya chumvi hauna huruma. Kristali, kile kikopo cha bati cha ukubwa wa ukucha kinachoipigia chipu mapigo, kilikuwa na mguu mmoja wa kijani. Nilipougusa kwa kibano ukakatika.

Ndani ya kikopo hicho mna kipande chembamba cha jiwe la kwatzi. Ukikibana kinatoa umeme, jambo ambalo ndugu Pierre na Jacques Curie walilionyesha mwaka 1880. Ukikitia umeme nacho kinatetemeka, tena kwa mwendo ule ule. Mwaka 1927 Warren Marrison na mwenzake Horton wa Bell Labs, Marekani, walitengeneza saa kwa mtetemo huo, na siku ya Krismasi 1969 Seiko wakauza saa ya kwanza ya mkononi ya aina hiyo. Jiwe la saa ya mkononi hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Igawe hesabu hiyo kwa mbili mara 15, unabaki na pigo moja, sekunde yako. Hata kristali ya bei rahisi haikosei sana: sehemu 20 katika milioni, chini ya sekunde mbili kwa siku.

Ilikuwa Jumapili na sikuwa na kristali ya akiba. Lakini chipu niliyotumia, ATmega328P, ile ile iliyo kwenye bodi nyingi za Arduino Uno, ina saa nyingine ndani ya tumbo lake, ya mapigo milioni 8 kwa sekunde, isiyohitaji jiwe. Inafanya kazi kama mtungi chini ya bomba. Umeme unapita kwenye rezista na kujaza kapasita. Ikifika alama, inamwagwa, inaanza tena. Kila kujaa ni pigo.

Shida ni bomba. Rezista na kapasita zinazochorwa ndani ya silikoni hupishana kwa asilimia 15 hata 20 kati ya toleo moja na jingine, iwe kiwandani Taiwan au kwa hawa wenzetu wa Semiconductor Technologies walioko Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri. Mtengenezaji huipima kila chipu na kuiandikia namba ya kuirekebisha. Hata hivyo, kitabu cha ATmega kinakuahidi asilimia 10 tu, juu au chini.

Niliiwasha bodi kwa saa hiyo ya ndani, saa mbili usiku. Saa kumi na mbili alfajiri, wakati majogoo ya jirani yamekwisha choka, bodi ilikuwa inaniambia ni saa kumi na moja na dakika 22. Imechelewa dakika 38 kwa saa 10, yaani asilimia sita na ushei. Mtu atasema dakika 38 ni nini kwa yai? Lakini kifaranga hutoka siku ya 21, na mayai huachwa kugeuzwa siku ya 18. Kwa saa ile, siku ya 18 ya mashine ingekuwa ya 19 ya kweli.

Tena bodi haikuweza hata kuzungumza na kompyuta. Nilitarajia ujumbe, nikapata takataka za alama. Herufi inapotumwa kwenye waya ni mapigo kumi yanayofuatana. Anayepokea huanza kuhesabu pigo la kwanza linapoingia, halafu huchungulia katikati ya kila moja. Mtumaji akiwa mzito, kosa linajilimbikiza, na likizidi takriban asilimia 5, hadi pigo la kumi unakuwa unasoma la jirani yake.

Dawa yake ni herufi U. Kwa hesabu ya kompyuta U huandikwa 01010101. Ongeza pigo la kuanzia na la kumalizia, unapata mapigo kumi yanayopanda na kushuka kwa zamu, safi kama ngoma ya mtu mmoja. Kompyuta, yenye kristali yake, ilituma U mfululizo. Chipu ikapima urefu wa kila pigo na kusogeza namba yake ya marekebisho mpaka ikalingana. Mimi huiita salamu: kompyuta inasema "U", na chipu inajua hali yake. Magari ya kisasa hufanya hivyo kutwa. Kwenye waya wa LIN, unaounganisha vitu kama vioo na madirisha, kila ujumbe hutanguliwa na herufi hiyo hiyo, ili chipu ndogo isiyo na kristali ijipange upya kabla ya kusikiliza.

Basi nikafurahi mapema. Nilikuwa nimeifundisha mezani, kwenye nyuzijoto 27 za usiku. Ndani ya sanduku ni 37.5, na ikaanza tena kupotea, dakika tatu kwa siku. Joto hubadilisha bomba. Wabunifu wa chipu hulikabili hilo kwa kuunganisha rezista mbili, moja inayopanda na joto na nyingine inayoshuka, zifutane. Michael McCorquodale na kampuni yake Mobius Microsystems huko Marekani waliacha bomba kabisa, wakatumia koili na kapasita ndani ya silikoni.

Mimi sina kiwanda. Nilipitisha waya kwenye tundu la hewa, nikafunga sanduku likapata joto lake, na kuipelekea U usiku kucha ikiwa humo humo. Kosa dogo lililobaki nikalimaliza kwa hesabu ndani ya programu. Safari hii bodi iko nje, mbali na trei.

Mama alipokuja kuchukua mashine nilimweleza yote haya. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Na hicho kikopo ni pesa ngapi?"

Nikamwambia: haifiki nauli ya kwenda Kilifi na kurudi.

"Si ungenunua tu, fundi?"