Nyumba ya Nyali na Hesabu ya Usiku Sita

Ukipita Nyali jioni utaona magorofa yaliyogeuzia uso baharini, na penye lango la kila moja mlinzi mwenye daftari. Zamani daftari hilo liliandikwa majina ya jamaa waliokuja kusalimia. Siku hizi kurasa zake zimejaa watu wanaoingia Ijumaa na kutoka Jumapili: familia iliyoteremka Miritini na treni ya Nairobi, kijana anayefanya kazi Dubai aliyekuja kumwoza dada yake, wazee wawili wa Kijerumani wanaopumzika kabla ya kuelekea Diani. Nyumba wanamolala watu hawa Mombasa nzima inaziita "Airbnb", hata zile ambazo hazijawahi kutangazwa na kampuni hiyo iliyoanzishwa San Francisco mwaka 2008. Jina limekuwa la biashara yote, kama Omo ilivyokuwa jina la kila sabuni ya unga.

Biashara yenyewe si ngeni Pwani. Malindi iliwajua Waitaliano tangu miaka ya 1960, walipojenga kituo cha kurushia setilaiti cha San Marco pale Ngomeni. Wengine walirudi baadaye kujenga nyumba za mapumziko, nao walipoondoka kwa msimu waliwaachia walinzi na wapishi wa Kigiriama, na nyumba zikakodishwa kwa wiki. Shela, kule Lamu, ina nyumba za mawe za wageni wa Ulaya zinazoendeshwa vivyo hivyo hadi leo. Lililobadilika ni kwamba zamani ulihitaji jumba na marafiki Roma, na sasa mwalimu mwenye mkopo wa chama cha akiba anaweza kuingia kwa nyumba ya vyumba viwili na simu. Treni ya Madaraka Express, iliyoanza mwaka 2017, ilimleta mteja mpya kabisa: Mkenya wa bara anayetaka jiko, friji na nafasi ya watoto kulala sebuleni, jambo ambalo hoteli haimpi.

Ndipo wengi walipokimbilia kununua, na hapa nataka tukae kidogo na kalamu, maana watu ninaowaheshimu wamepoteza pesa kwa kupiga hesabu ya mwenye nyumba katika kazi ya mwenye hoteli.

Chukua mfano wa nyumba ya vyumba viwili inayotolewa kwa shilingi 8,000 kwa usiku. Mwenyewe huzidisha kwa 30, akapata 240,000, akalinganisha na 55,000 ambazo mpangaji wa kawaida angempa kwa mwezi, usingizi ukamruka kwa furaha. Lakini tuseme imelaliwa usiku 15. Hizo ni 120,000. Wageni wakipitia mtandao unaokata asilimia 15, kama ilivyozoeleka kwa Booking.com, zimeondoka 18,000. Msimamizi akichukua asilimia 20, ni 24,000. Usafi wa wageni sita kwa 1,500 kila mmoja, 9,000. Ada ya jengo 10,000. Tokeni za stima, intaneti, gesi na maji ya kunywa, 12,000. Akiba ya matengenezo, 6,000. Kimebaki 41,000, kabla ya ushuru, na bado hujarudisha bei ya vitanda, makochi, viyoyozi na sufuria. Yule mpangaji wa 55,000 alikuja na kitanda chake.

Sasa ilaze nyumba hiyo hiyo usiku 21. Mapato ni 168,000. Mtandao umekata 25,200, msimamizi 33,600, usafi wa wageni wanane 12,000, ada ya jengo 10,000, stima na mengineyo yamepanda hadi 15,000, akiba 6,000. Kimebaki 66,200. Ukuta ni ule ule, bahari ni ile ile. Kilichomvusha mwenye nyumba kutoka chini ya kodi ya yule mpangaji hadi juu yake ni usiku sita tu, na usiku huo hauletwi na jengo. Unaletwa na mtu anayejibu simu.

Niliwahi kuiangalia nyumba ya ndugu yangu kwa misimu miwili, na nilichojifunza kwanza ni kwamba usiku hupotea kwa mambo madogo. Saa tano za usiku mgeni anapiga: "Dada, maji yamekatika na mtoto ana sabuni kichwani." Mombasa maji ya mfereji huja kwa zamu, na majengo mengi yanategemea visima vyenye maji ya chumvi. Chumvi hiyo hula bomba, huziba shawa, huua hita ya maji ndani ya miaka michache, na hugeuza taulo nyeupe kuwa ngumu kama mkeka. Mwenye nyumba asiyeweka tangi lake na kuagiza bauza mapema atalipia uzembe huo kwenye maoni ya mgeni, na maoni mabaya mawili yanatosha kuishusha nyumba mpaka isionekane tena mtu anapotafuta.

Kisha kuna majira. Desemba na Pasaka nyumba hujaa bila kazi, bei ikapanda, na hapo ndipo wanaoanza hudanganyika wakadhani mwaka wote uko hivyo. Masika inaposhika, Aprili hadi Juni, pepo za kusi huleta mwani ufuoni, bahari huchafuka, makabati hushika ukungu, na kule Watamu hoteli kadhaa hufunga milango kabisa. Nyumba isiyopata wageni miezi hiyo inakula akiba ya Desemba. Wasimamizi wazuri niliowaona hawashindani kwa bei ya ufuo wakati huo. Huwatafuta watu ambao mvua haiwahusu: wahandisi wa mradi bandarini, daktari aliyehamishiwa hospitali ya Mombasa na bado anatafuta nyumba, jamaa waliokuja kumuuguza mzee, Wapwani wa Uingereza na Ghuba wanaorudi kwa arusi au matanga. Mtu akikaa wiki tatu kwa bei nafuu, shuka hubadilishwa mara chache na mtandao huenda haukati chochote, maana safari ya pili atakupigia moja kwa moja.

Katika mlolongo huu wote, anayebeba uzito ni dada wa usafi. Mgeni ametoka saa nne asubuhi, mwingine anaingia saa nane mchana. Ndani ya saa hizo nne yeye abadilishe shuka na foronya, atoe mchanga bafuni, ahesabu vijiko, aangalie kama friji imechafuliwa, ampigie fundi wa mabomba. Yeye ndiye hugundua nyumba ilifanyiwa karamu, na yeye ndiye ambaye mgeni humwona. Na bado wengi wao hulipwa kwa kila mgeni, hivyo masika ikija hawana kitu, wanaondoka, na Agosti mwenye nyumba anaanza upya na mtu asiyejua hata swichi ya hita iko wapi. Mimi naona kumlipa mshahara wa mwezi, mvua au jua, ni haki yake, na pia ndiyo njia ya bei rahisi zaidi ya kuupata ule usiku sita.

Wapo pia wasio na nyumba kabisa: hupanga kwa mwaka, wakaipamba, wakaikodisha kwa siku. Hao hubeba kodi ya kila mwezi bila ukuta wa kuuza mambo yakiharibika, na mara nyingi mwenye jengo hajui. Akijua, mkataba huvunjwa na vitanda kushushwa ngazi.

Serikali nayo imeamka. Januari 2024 wanawake wawili waliuawa Nairobi katika nyumba za kupanga kwa siku, na tarehe 27 mwezi huo maelfu waliandamana mijini kudai mauaji ya wanawake yakome. Baada ya mauaji hayo Mamlaka ya Kudhibiti Utalii ilisisitiza kwamba nyumba hizi zisajiliwe na kupewa leseni chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2011. Nimewasikia wenye nyumba wakilalamika kuwa ni gharama nyingine. Siwaungi mkono. Kuchukua nakala ya kitambulisho, kuweka kamera langoni, kumpa mgeni mlango wenye komeo linalofunga kwa ndani: hayo wangepaswa kuyafanya bila kuambiwa.

Upande wa ushuru, kosa la kawaida ni kudhani kodi ya makazi na kodi ya siku ni kitu kimoja. Nyumba ya makazi haitozwi VAT. Malazi ya mapumziko hayamo kwenye msamaha huo, na mauzo yakifika shilingi milioni 5 kwa mwaka unapaswa kujisajili. Nyumba moja ya mfano wetu haifiki. Nne zinavuka, hata kwa usiku 15 kila moja, na asilimia 16 inapaswa kuwemo kwenye bei tangu mwanzo, pamoja na tozo ya utalii ya asilimia 2.

Mwisho wako majirani. Tangu Sheria ya Mali za Sehemu ya mwaka 2020, wamiliki wa nyumba ndani ya jengo moja wana chombo chao na wanaweza kujiwekea kanuni. Mama anayeamka alfajiri kwa swala hapaswi kukutana kwenye lifti na kundi linalotoka disko kila wikendi. Jengo likichoka hupiga kura, na nyumba uliyoipamba kwa mamilioni hurudi kuwa ya mpangaji wa 55,000.

Kwa hiyo kabla ya kutia saini, usiende kuitazama nyumba Desemba. Nenda Mei. Lala hapo usiku mbili kama mgeni. Fungua mfereji saa moja jioni uonje maji, nusa makabati, sikiliza jenereta. Asubuhi mpelekee mlinzi chai na mahamri, kaa naye kwenye benchi, umwombe akuambie ni nyumba ngapi za jengo lile zimepata mgeni wiki hiyo. Daftari analo mkononi.