Mwendesha Baiskeli Mgeni na Hesabu za Njia ya Misafara

Tarehe 7 Novemba 1857 Waingereza Richard Burton na John Speke waliwasili Kazeh, karibu na mji wa Tabora wa leo, baada ya safari ya zaidi ya miezi minne kutoka pwani. Njia waliyoifuata haikuwa mpya. Ilikwisha kukanyagwa miaka mingi na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, ambao kila mmoja alichukua mzigo wa kilo 30 hivi. Wapagazi hao waliijua miiko ya njia: kuondoka alfajiri, kufuatana nyuma ya kirangozi, na kupiga kambi kabla jua la mchana halijakolea.

Leo Unyamwezi na Usukuma ni nchi za baiskeli. Baiskeli hubeba mkaa, maji, asali na abiria, na katika sikukuu kama Nane Nane vijana hushindana kwa baiskeli hizo hizo za mizigo. Kijana aliyezoea kwenda shuleni kwa baiskeli huweza kudhani kwamba mashindano ya kilomita 80 ni safari ya kawaida iliyorefushwa tu. Dhana hiyo si sahihi. Katika mashindano ya dunia yaliyofanyika Kigali mwezi Septemba 2025, ya kwanza katika bara la Afrika, wanaume 165 walianza mbio kuu ya barabarani ya kilomita 267.5, waliomaliza ni 30 tu. Ikiwa mabingwa hushindwa kumaliza, mgeni hana budi kujifunza hesabu zake mapema. Hesabu hizo ni tatu: ya upepo, ya maji na ya chakula.

Hesabu ya upepo

Kwenye barabara tambarare, adui mkubwa wa mwendesha baiskeli mwenye kasi ni hewa. Kani ya ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa kasi, na nguvu inayohitajika kuishinda huongezeka kwa kipeo cha tatu. Anayeongeza mwendo kutoka kilomita 20 hadi 30 kwa saa huongeza kasi mara moja na nusu tu, lakini nguvu anayotumia dhidi ya hewa huongezeka zaidi ya mara tatu. Ndiyo maana mgeni anayetoka mbio mwanzoni ili awafuate wenye uzoefu hujikuta hoi kabla ya nusu ya safari.

Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya kumi. Ukinzani hupungua kidogo, lakini oksijeni nayo hupungua katika kila pumzi.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni kwamba wakati wa kiangazi upepo wa eneo hilo huvuma zaidi kutoka mashariki. Tuseme mwendeshaji anatoka Tabora kuelekea Urambo, upande wa magharibi, kwa kasi ya kilomita 20 kwa saa, na upepo wa kilomita 10 kwa saa unamsukuma kwa nyuma. Kwake yeye hewa inapita kwa kasi ya kilomita 10 tu. Akirudi kwa mwendo ule ule, hewa inamkabili kwa kasi ya kilomita 30. Tofauti ya kasi ni mara 3. Tofauti ya kani ni mara 9. Wakati wa kwenda hujiona ana nguvu za simba, kumbe anakopa, na deni hulipwa wakati wa kurudi.

Dawa ya upepo ni kufuatana. Wapagazi walifuatana kwa sababu njia ilikuwa nyembamba. Waendesha baiskeli hufuatana kwa sababu aliye mbele huikata hewa kwa niaba ya aliye nyuma. Katika mwendo wa mashindano, anayefuata kwa karibu huweza kuokoa robo hadi theluthi ya nguvu zake. Kwa hiyo uongozi hupokezanwa, kila mmoja akikaa mbele kwa muda mfupi. Lakini ukaribu huo una hatari. Mgeni asifunge breki ghafla, asiyumbe, wala asiruhusu gurudumu lake la mbele lipishane ubavuni na la nyuma la mwenzake. Yakigusana, aghalabu anayeanguka ni yule wa nyuma.

Hesabu ya maji

Mwili wa binadamu hugeuza karibu robo tu ya nishati ya chakula kuwa kazi ya misuli. Anayetoa nguvu ya wati 100 kwenye pedeli huzalisha joto la wati 300 hivi. Joto hilo huondolewa hasa kwa jasho linalogeuka mvuke, na katika jua kali mwendeshaji huweza kupoteza lita moja au zaidi kwa saa.

Kiangazi cha Tabora kina hila yake: hewa ni kavu, jasho hukauka mara litokapo, na mwendeshaji hudhani kwamba hatoki jasho. Njia rahisi ya kujua ukweli ni kujipima uzito kabla na baada ya mazoezi. Mwenye kilo 60 akipungukiwa na kilo 1.2, yaani asilimia 2, uwezo wake huanza kushuka. Anywe kidogo kidogo njiani, na apate chumvi katika chakula, kwani kunywa maji matupu kupita kiasi nako kuna madhara. Kizunguzungu, kutapika na kuchanganyikiwa ni dalili za hatari. Mtu huyo asimamishwe, alazwe kivulini, amwagiwe maji na kupepewa, kisha apelekwe hospitali haraka.

Hesabu ya chakula

Akiba ya wanga katika misuli na ini hutosha takriban saa moja na nusu hadi mbili za juhudi kubwa. Ikiisha, miguu hukataa kabisa. Kwa safari ndefu yafaa kula gramu 30 hadi 60 za wanga au sukari kila saa, kuanzia saa ya kwanza. Hapa Tabora haina upungufu: vijiko vitatu vya mezani vya asali vina sukari ya gramu 50 hivi, na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, hubebeka mfukoni bila kuharibika.

Jaribio kwa wanafunzi

Pimeni kilomita moja ya barabara tambarare isiyo na magari mengi, siku yenye upepo. Mwanafunzi mmoja aende na kurudi kwa juhudi ile ile, na mwenzake apime muda. Linganisheni kasi mbili hizo. Kisha wawili wafuatane dhidi ya upepo, na wa nyuma aeleze tofauti aliyoihisi. Darasa litakalofanya hivyo litakuwa limejifunza kanuni ya fizikia, na aliye na nia ya kushindana atajua kwa nini aanze polepole, alfajiri, na pamoja na wenzake.