"Ana kifua": maneno ya hewa na mapafu yanayosikika zahanati

Mzazi anapofika zahanati akiwa amembeba mtoto, maelezo yake ya kwanza mara nyingi huwa mafupi: "Mtoto ana kifua." Nyuma ya kauli hiyo moja huweza kuwapo magonjwa kadhaa, na kila mmoja una tiba yake. Makala haya yanafafanua maneno ambayo watoa huduma za afya huyatumia, ili mkazi aelewe anachoambiwa na aeleze kwa usahihi alichokiona nyumbani.

Nimonia

Pafu limejaa vifuko vidogo vya hewa. Humo ndimo oksijeni inamoingilia katika damu na ndimo kaboni dayoksaidi inamotokea. Nimonia ni maambukizi yanayovijaza vifuko hivyo usaha na majimaji, oksijeni ikakosa nafasi ya kupita. Mtoto hulazimika kupumua haraka ili kufidia upungufu huo.

Dalili hiyo mzazi anaweza kuihesabu mwenyewe. Mtoto akiwa ametulia, ahesabiwe pumzi kwa dakika moja kamili. Pumzi huhesabiwa kuwa za haraka zikifika 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa mwenye miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa mwenye mwaka 1 hadi 5. Mtoto wa namna hiyo apelekwe kituoni siku hiyo hiyo. Ikiwa sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi, hawezi kunyonya au kunywa, amelegea au amepata degedege, asicheleweshwe hata kidogo.

Pumu

Katika pumu, njia za hewa huvimba na kubana. Mgonjwa hutoa pumzi kwa shida na kifua hutoa mlio kama wa filimbi. Dawa yake kuu ni ile ya kuvuta kwa mdomo, inayotanua njia hizo au kupunguza uvimbe wake. Vidonge vya kuua bakteria haviondoi pumu.

Kifua kikuu

Ugonjwa huu husababishwa na bakteria wanaosambaa kwa njia ya hewa mgonjwa anapokohoa. Mtu aliyekohoa kwa wiki mbili au zaidi, hasa akipungua uzito au kutokwa na jasho jingi usiku, anapaswa kupimwa makohozi. Vipimo na dawa hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali. Matibabu ya kawaida huchukua miezi 6, na hayapaswi kukatizwa hata mgonjwa akijisikia nafuu.

Oksimeta

Ni kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni ili kupima kiwango cha oksijeni katika damu. Kwa kawaida mtu mzima mwenye afya husoma asilimia 95 hadi 100. Kikishuka chini ya 90, mgonjwa huhitaji kuongezewa oksijeni.

Kaboni monoksaidi

Jina hili huchanganywa na hewa ukaa, yaani kaboni dayoksaidi tunayoitoa kila tunapopumua. Kaboni monoksaidi ni gesi nyingine kabisa. Hutoka katika jiko la mkaa, hasa linapowaka mahali pasipo hewa ya kutosha. Haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Waliolala na jiko ndani huweza kuamka na maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, au wasiamke kabisa.

Hatari yake nyingine ni kwamba oksimeta ya kawaida haiwezi kuitofautisha gesi hiyo na oksijeni. Namba huweza kuonekana nzuri ilhali mgonjwa yuko mahututi. Mhudumu atajua tu akiambiwa: "Tulilala na jiko la mkaa ndani." Jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata nyakati za baridi.

Kwa hiyo, badala ya kusema "ana kifua" na kunyamaza, mkazi ataje mambo manne: tatizo lilianza lini, mgonjwa anapumua mara ngapi kwa dakika, kifua kinatoa mlio gani, na kama palikuwa na moto au moshi alipolala.