Mikanda ya Urembo ya Gari la Zamani: Namna ya Kuitoa na Kuirudisha

Vijana wetu wa jua kali wanajua kunyoosha bati na kupiga rangi. Siku hizi wako wenye magari ya zamani, kama Volkswagen Beetle, wanaotaka yarudi vile yalivyokuwa. Beetle ilishinda Safari Rally mwaka wa 1962, na ya mwisho ilitengenezwa Mexico mwaka wa 2003. Mkanda wake wa kung'aa ukikunjwa, mwingine ni ghali, na pesa zitatoka kwa mfuko wa kikundi.

Kwa nini tusizibe mkanda kwa karatasi na kupaka rangi kando yake? Kwa sababu chini yake hukaa vumbi na maji. Mikanda mingi ni ya aluminiamu na bodi ni ya chuma. Madini hayo mawili yakigusana penye maji, aluminiamu huliwa. Nalo bati hushika kutu pale klipu zilipokwaruza rangi. Ukipaka juu juu, kutu itatokea tena.

Kutoa

1. Piga picha au chora, kisha upime umbali wa mkanda kutoka ukingo wa mlango.
2. Angalia kwa ndani. Ukiona nati, tia mafuta, ngoja, ndipo ufungue kwa spana.
3. Tumia kabari ya mbao au plastiki, si bisibisi. Anzia mwisho mmoja, inua kidogo karibu na kila klipu. Usivute upande mmoja tu, utakunjika.
4. Andika nyuma ya kila mkanda: kushoto au kulia, mbele au nyuma. Ulaze juu ya ubao ulionyooka.

Kurudisha

Sugua kutu kwenye matundu, paka praima, kisha rangi. Ngoja ikauke kabisa. Rangi laini hubanduka klipu ikiingia. Paka grisi kidogo kwenye matundu ili maji yasipite. Klipu zilizolegea usizirudishe, nunua mpya. Pangeni mkanda watu wawili, mmoja kila mwisho, na mbonyeze kwa kiganja klipu moja baada ya nyingine. Nyundo ikae mbali.

Kabla ya kuanza, andikeni kwenye kitabu cha kikundi hali ya kila mkanda, mwenye gari akiwapo, naye atie sahihi. Hapo hakutakuwa na ubishi baadaye, na kazi safi italeta mteja mwingine. Haraka haraka haina baraka.