Ndege Zilikuwa Nzima

Kutoka Merikit, wilayani Tororo nchini Uganda, mpaka wa Kenya hauko mbali, na East African Airways iliundwa mwaka 1946 kana kwamba mpaka huo haupo. Lilikuwa shirika moja la Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, lililoanza na Dragon Rapide, vindege vya mbao na kitambaa. Mwaka 1966 likapokea Super VC10, injini nne zikiwa zimebanwa mkiani, mbili kila upande. Mwaka 1977 likafa, na wengi husema liliuawa na ndege zilizolizidi kimo. Mimi nakataa.

Ni kweli VC10 ilikunywa mafuta mno, na bei ilipaa baada ya 1973. Lakini tazama zilikoishia. Kati ya tano za shirika hilo, moja iliteketea Addis Ababa Aprili 1972, watu 43 wakafa. Nne zilizobaki zilichukuliwa na jeshi la anga la Uingereza, zikageuzwa za kujazia ndege nyingine mafuta angani, kazi iliyoendelea hadi Septemba 2013. Chombo kibovu hakidumu miaka 36 baada ya mwenye nacho kufa. Wengine humtaja Idi Amin. Hakika, baada ya mapinduzi yake ya 1971 nchini Uganda, Rais Nyerere wa Tanzania alikataa kuketi naye meza moja, ila Nairobi na Dar es Salaam nazo zilikuwa zikigombana juu ya madeni na nani alipe nini. Reli ya pamoja iliyopita Tororo nayo iligawanywa mwaka uleule wa 1977, ilhali haikuwa na VC10 hata moja.