Kutuliza Ubongo Kabla ya Mazungumzo

Mtoto aliyepigwa, aliyetelekezwa au aliyelelewa na mtu wa kumtisha kabla hajajua kusema hubaki na kiwewe kisicho na maneno. Ukubwani huenda asikumbuke tukio hata moja, lakini mlango ukibamizwa moyo humwenda mbio. Hapo ndipo tiba ya mazungumzo hukwama: anayekaa chonjo usiku na mchana hawezi kumsikiliza mtaalamu, sembuse kumwamini.

Sebern Fisher, mtaalamu wa tiba hiyo huko Massachusetts, Marekani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2014 jinsi ya kuiambatanisha na nyurofidibaki, yaani mazoezi ya mawimbi ya ubongo. Mgonjwa hubandikwa elektrodi kichwani, mara nyingi upande wa kulia, karibu na sikio. Elektrodi hizo hazipitishi umeme kuingia kichwani, hupokea tu. Kompyuta huyageuza mawimbi kuwa mchezo: yakifikia kiwango kinachotakiwa, roketi kwenye skrini husonga mbele na mlio husikika; yakipotoka, roketi husimama. Mgonjwa hatakiwi kujikakamua. Hata paka huweza: katika miaka ya 1960, Barry Sterman wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliwafundisha kuongeza mawimbi ya hezi 12 hadi 15 kwa kuwatuza chakula.

Mtaalamu huuliza kila mara: usingizi ukoje, hasira je, ndoto zipi? Majibu ndiyo yanayomwongoza kupandisha au kushusha kiwango. Na hofu inapopungua, kazi ngumu huanza. Huzuni iliyofunikwa miaka mingi huibuka, na mtu aliyeijua hofu tangu utotoni hujikuta hajijui bila hiyo. Mashine haina la kumwambia hapo.

Mwaka 2016 Bessel van der Kolk na wenzake walichapisha utafiti wa watu wazima 52 wenye kiwewe sugu ambao tiba ya kawaida haikuwasaidia vya kutosha. Baada ya vipindi 24 vya nyurofidibaki, ni 6 tu kati ya 22 waliopimwa waliobaki na ugonjwa. Kwa kundi la pili, waliosubiri zamu bila mazoezi hayo, ni 15 kati ya 22. Matokeo yanatia moyo, ila kuwalinganisha na wanaosubiri hakuonyeshi nini kilitokana na mashine na nini na kuhudumiwa tu. Kwa watoto wenye tatizo la kutotulia, mashine halisi iliposhindanishwa na ya bandia, tofauti haikuonekana.